Maswali ya wasomaji: Mshipi wa kifuani au saa ya mkononi?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Kisumu, Nakuru na maeneo ya magharibi zinahusu vifaa vya kuvaliwa vinavyopima mapigo ya moyo wakati wa mazoezi. Tumechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo wengine wameyauliza nusunusu.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni mwanamume wa miaka 43. Siku tatu kwa juma hukimbia alfajiri kutoka Milimani hadi Dunga na kurudi, na siku mbili huenda jimu, ambako tunanyanyua vyuma na kufanya mbio fupi za kasi zenye mapumziko katikati. Ninataka kununua kifaa cha kupima mapigo ya moyo. Muuzaji mmoja hapa mjini ananishauri ninunue saa janja inayopima kila kitu, hata usingizi na oksijeni ya damu. Rafiki ninayekimbia naye anasema saa hizo hubahatisha, na kwamba heri nitafute mshipi wa kifuani. Fedha zangu zinatosha kimoja tu. Nichukue kipi, na nitajuaje kwamba nilichouziwa kinasema kweli?

JIBU: Ndugu yangu, kwa mazoezi uliyoyaeleza, nunua mshipi wa kifuani. Lau ungekuwa mtu wa kutembea tu, au wa kukimbia kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ningekuambia kwamba saa nzuri ya mkononi inakutosha. Kinachonifanya nisisite ni zile siku mbili za jimu, kwa sababu vyuma na mbio fupi ndiyo mazoezi yanayoishinda saa mara nyingi zaidi, na ndiyo pia mazoezi ambayo mtu wa umri wako ana haja ya kujua hasa moyo wake umefika wapi.

Vifaa hivi viwili havipimi kitu kimoja. Kila moyo unapojikunja, hutanguliwa na msukumo mdogo wa umeme ambao husambaa hadi kwenye ngozi ya kifua. Upande wa ndani wa mshipi mna sehemu mbili zinazopitisha umeme, ziitwazo elektrodi, ambazo hunasa msukumo huo, na kikasha kidogo kilichobanwa mbele huhesabu muda kati ya pigo na pigo, kisha hutuma hesabu hiyo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye simu au saa. Ni kanuni ileile ya mashine ya ECG ya hospitalini, ile inayochora umeme wa moyo, ambayo ilimpatia Willem Einthoven wa Uholanzi tuzo ya Nobel mwaka wa 1924. Kampuni ya Polar ya Ufini, iliyoanzishwa mwaka wa 1977, ndiyo iliyoifanya iwe kifaa cha wanamichezo kisicho na waya mapema katika miaka ya 1980.

Saa hutumia mwanga. Upande wake unaogusa ngozi una taa ndogo za kijani, na kando ya taa hizo pana kihisi kinachopima kiasi cha mwanga unaorudi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo mishipa inapojaa damu baada ya kila pigo, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na damu inapopita huongezeka tena. Programu iliyomo ndani ya saa hufuatilia kupanda na kushuka huko na kukadiria idadi ya mapigo kwa dakika. Zipo saa zinazoweza pia kuchukua ECG ukiwa umetulia na kuigusa saa kwa kidole cha mkono wa pili, lakini hiyo si njia inayotumika unapokimbia.

Ukishaelewa hayo, utaona kwa nini rafiki yako ana wasiwasi. Mkono wa mkimbiaji haukai. Kila hatua huitikisa saa na kuisukasuka damu iliyo chini ya ngozi, na kihisi huona mwanga ukipanda na kushuka kwa sababu ya hatua kama kinavyouona ukipanda na kushuka kwa sababu ya moyo. Wakimbiaji wengi hupiga kati ya hatua 160 na 180 kwa dakika, idadi ambayo pia ni ya kawaida kwa mapigo ya mtu anayekimbia kwa nguvu, na ndipo saa inapokosea kwa namna inayosadikika: inahesabu miguu na kukuonyesha kana kwamba ni moyo. Ukiona saa imeng'ang'ania 170 ilhali unaendelea kuzungumza na mwenzako bila taabu, hesabu hatua zako kwa dakika moja, na huenda ukakuta ni hizohizo 170.

Jimu ina shida yake nyingine. Unapoikamata nondo ya vyuma kwa nguvu, misuli ya kigasha hukaza, kifundo cha mkono hukunjika, na damu inayopita chini ya saa hupungua au hubadilika ghafla. Saa huweza kuonyesha 95 wakati moyo uko 150. Katika mbio fupi kosa huwa la kuchelewa: wewe umemaliza sekunde 30 za kasi na umeanza kupumzika, nayo saa ndiyo kwanza inaanza kupanda. Mshipi hufuata mabadiliko hayo ndani ya sekunde chache. Mtu anayepanga mapumziko yake kwa kungoja mapigo yashuke hadi kiwango fulani hawezi kutegemea kifaa kinachochelewa, kwani ataanza duru inayofuata mapema mno au atangoja bure.

Liko suala la rangi ya ngozi, ambalo wauzaji hawalitaji na ambalo sisi tuna haki ya kuliuliza. Melanini, ile rangi asilia ya ngozi, nayo hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi nyeusi ni mchache zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2017, uliopima vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60, ulikuta kosa kubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Duke, uliochapishwa mwaka 2020, haukupata tofauti kubwa ya kitakwimu kati ya rangi za ngozi, ila uliona kwamba kosa wakati wa shughuli lilizidi la wakati wa kupumzika kwa takriban asilimia 30. Kwa hiyo usidhani kwamba saa haiwezi kusoma mkono wako. Saa nyingi huongeza nguvu ya taa zinapokutana na ngozi nyeusi. Lakini unapoongeza mwendo juu ya ngozi nyeusi, na juu ya hayo mkanda uliolegea, unaiongezea kazi ngumu ugumu mwingine. Mshipi haujali rangi ya ngozi hata kidogo.

Mshipi nao una masharti yake. Lowesha elektrodi kwa maji kabla ya kuuvaa, kwa sababu umeme haupiti vizuri kwenye ngozi kavu. Uvae chini kidogo ya misuli ya kifua, ukiwa umekaza kiasi cha kutoteleza bila kukubana pumzi. Kisumu ina joto na unyevu, na jasho litakusaidia baada ya dakika chache tu. Ndugu zetu wa Nakuru, ambao asubuhi zao ni baridi na kavu, ndio wanaolalamika kwamba tarakimu hurukaruka mwanzoni. Wao waloweshe zaidi, na waepuke jezi pana ya nailoni inayopigapiga kifuani, kwa kuwa msuguano wake huzalisha umeme unaoingilia kipimo. Wapo watu ambao mshipi huwachubua au huwakera kiasi kwamba huishia kuuacha kabatini. Ukijijua u mmoja wao, tafuta kihisi cha mwanga kinachovaliwa kwenye mkono wa juu, kati ya kiwiko na bega, kama vile Polar Verity Sense. Hutumia mwanga kama saa, ila mahali hapo pana nyama zaidi na mtikisiko mchache kuliko kwenye kifundo, na matokeo yake huukaribia mshipi. Kwa maoni yangu, mahali kihisi kinapokaa mwilini ndipo pa kutazama kwanza. Jina la kampuni na orodha ndefu ya mambo ambayo saa inaweza kuyafanya yafuate baadaye. Kupima usingizi na oksijeni hakutakuambia lolote ukiwa katikati ya barabara ya Dunga.

Sasa twende dukani. Kabla ya kutoa pesa, hakikisha kwamba mshipi unatumia Bluetooth, kwa kuwa simu nyingi hazina mfumo wa ANT+ unaotumiwa na saa za michezo na baadhi ya baiskeli za jimu. Ukipata wenye mifumo yote miwili, ni bora zaidi, maana utautumia hata siku utakapopata saa ya kukimbilia. Mwombe muuzaji auunganishe na simu yako palepale, kwa programu isiyokuwa ya kampuni iliyoutengeneza, kwani mshipi unaofuata kanuni za kawaida za Bluetooth husomwa na programu yoyote ya mazoezi. Uliza betri ni ya aina gani. Mishipi mingi hutumia betri bapa kama kitufe, CR2032 au CR2025, ambazo hupatikana kwa mafundi wa saa na katika maduka ya elektroniki, na unaweza kuibadilisha mwenyewe. Uliza pia kama mshipi wa kitambaa unauzwa peke yake, kwa sababu huo ndio unaochakaa kwanza kwa chumvi ya jasho, na ni hasara kutupa kikasha kizima kwa ajili ya kitambaa. Mwisho, dai risiti inayotaja jina na namba ya kifaa. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba ulilipa, lakini hausemi ulilipia kitu gani, na siku utakaporudi kudai waranti utahitaji karatasi.

Kuhusu kujua kama kinasema kweli, kipimo cha kukihukumu unacho tayari. Kaa kimya dakika 5, weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 60 na ulinganishe. Kisha panda ngazi mbio kwa dakika mbili, simama, na hapohapo uhesabu kwa sekunde 15 na uzidishe kwa 4. Usihesabu dakika nzima baada ya kazi ngumu, maana moyo huanza kushuka mara unaposimama. Tofauti ya mapigo machache si neno. Tofauti ya 20 au 30 inayojirudia ni sababu ya kukirudisha kifaa dukani siku hiyohiyo.

Utahitaji pia kujua utazifanyia nini tarakimu hizo. Hesabu inayojulikana na wengi, 220 kutoa umri, inakupa mapigo ya juu kabisa ya 177. Hesabu mpya zaidi ya mwaka 2001, yaani 208 kutoa asilimia 70 ya umri, inakupa karibu 178, kwa hiyo katika umri wako hazigombani. Shirika la Moyo la Marekani huita kazi ya wastani ile iliyo kati ya asilimia 50 na 70 ya kiwango hicho, na kazi nzito ile iliyo kati ya 70 na 85. Kwako wewe kazi ya wastani ni takriban kati ya 88 na 124, na nzito kati ya 124 na 150. Lakini fahamu kwamba hesabu zote mbili ni za wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 na zaidi. Ikiwa mshipi ulioujaribu kwa vidole unakuonyesha 185 mwishoni mwa mlima na unajisikia vizuri, si ugonjwa wala si ubovu wa kifaa: umepata kiwango chako halisi, nawe upange upya hesabu zako kuanzia hapo. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio bila mpango hata baada ya kusimama, acha mazoezi na uende hospitali, hata kama kifaa kinaonyesha tarakimu za kawaida.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa miaka 58 na ninaishi Nakuru. Nina shinikizo la damu na daktari ameniandikia atenolol. Binti yangu alininunulia saa ya mkononi inayopima mapigo. Kila jioni hutembea nusu saa hapa mtaani Section 58, lakini saa huniambia kwamba bado ninapasha mwili joto tu na kunihimiza niongeze kasi. Mapigo hayajawahi kuvuka 100. Nikiongeza kasi ninaishiwa pumzi. Je, saa ni mbovu, au moyo wangu ndio mbovu?

JIBU: Mama, hukuonyesha dalili yoyote katika barua yako inayonifanya niamini kwamba saa ni mbovu, na hupaswi kuifuata amri yake ya kuongeza kasi. Atenolol, pamoja na dawa za jamii yake kama propranolol na metoprolol, hufanya kazi kwa kuuzuia moyo usiitikie sana homoni zinazouharakisha. Hupunguza mapigo ukiwa umekaa na huyapunguza hata zaidi ukiwa katika kazi. Saa haijui kwamba unameza dawa. Imechukua umri wako, ikatoa 58 kwenye 220, ikapata 162, kisha ikakupangia viwango vya mtu asiyetumia dawa hiyo. Mapigo 98 kwako yanaweza kuwa ni kazi ileile ambayo kwa jirani yako wa umri wako ingekuwa 120.

Kwa hiyo tumia pumzi yako kuwa kipimo. Ukitembea na unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko katika mwendo wa wastani, na huo ndio Shirika la Afya Duniani linaoutaka wa dakika 150 hadi 300 kwa juma. Nusu saa yako ya kila jioni inafikisha dakika 210, kwa hiyo umo ndani. Kuishiwa pumzi unapoongeza kasi ni jambo la kumwambia daktari unapokwenda kliniki, hasa ikiwa kumeanza hivi karibuni au kumezidi, naye ndiye anayeweza kukupa kiwango cha mapigo kinachokufaa wewe. Akikupa, kiandike mwenyewe ndani ya saa. Saa nyingi hukubali kubadilishiwa mapigo ya juu katika mipangilio yake.

Nakuomba sana jambo moja: usiiache atenolol wala kuipunguza ili saa ikufurahie. Kuikatiza ghafla kunaweza kuuletea moyo madhara makubwa. Ikiwa daktari atakubadilishia dawa siku moja, kwa mfano akakupa amlodipine ambayo haipunguzi mapigo kwa namna hiyo, usishtuke kuona tarakimu zikipanda katika mwendo uleule.

Saa hiyo haijapoteza faida. Mwendo wa kutembea ndio inaoupima vizuri kuliko mingine. Chagua njia moja, itembee kwa kasi uliyoizoea, na utazame mapigo yako ya mwisho wa njia hiyo kwa wiki kadhaa. Yakishuka kidogo kidogo huku mwendo ukibaki uleule, mwili unazoea kazi. Ivae upana wa kidole kimoja au viwili juu ya mfupa wa kifundo, ikaze kidogo kabla ya kutoka, na ukirudi nyumbani ilegeze ngozi ipumue. Jioni za baridi vaa mikono mirefu, kwani mikono ikipoa damu hukimbia ngozi na saa hubaki ikitafuta.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya upili karibu na Kakamega. Shule imekubali kutununulia vipima mapigo vichache kwa ajili ya wakimbiaji wetu, wasichana kwa wavulana, watakaovitumia kwa zamu. Je, ni busara kuvitumia kwa kushirikiana? Pia, wakati wa likizo hupeleka baadhi yao Iten kwa mazoezi. Huko mapigo yao huwa juu kuliko nyumbani katika mwendo uleule. Je, vifaa huharibika?

JIBU: Vifaa ni vizima, mwalimu. Kakamega iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo Iten iko karibu mita 2,400. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi na kila pumzi huleta oksijeni pungufu, hivyo moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi ili kufikisha kiasi kilekile kwenye misuli. Joto nalo hupandisha mapigo kwa njia nyingine, kwa kuwa sehemu ya damu hupelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe, na mwili ukipungukiwa maji hali huzidi. Mwanafunzi anayekimbia Kisumu saa nane mchana anaweza kuwa na mapigo ya juu kwa sababu hiyo, ijapokuwa Kisumu iko chini, takriban mita 1,130. Kwa hiyo usichukue viwango vilivyopimwa Kakamega ukavisimamia Iten katika siku za kwanza. Waache wapunguze mwendo hadi mapigo yarudi mahali pake, na wasiulizwe kwa nini saa ya kukimbilia inaonyesha wamechelewa.

Kushirikiana kunawezekana. Katika mishipi mingi kikasha hubanduka kutoka kwenye kitambaa, kwa hiyo nunua vikasha vichache na kitambaa kimoja kwa kila mwanafunzi, kilichoandikwa jina lake kwa wino usiofutika. Jasho la mtu ni lake. Lakini kwa kundi lako ningechagua vihisi vya mkono wa juu. Wasichana hawapendi kuvaa mshipi chini ya sidiria ya michezo inayobana tayari, wala si haki mwalimu kuwarekebishia mbele ya watu, ilhali kihisi cha mkononi huvaliwa na kuvuliwa kwa nusu dakika na kufutwa kwa kitambaa chenye sabuni. Kitapoteza usahihi kidogo katika mbio za mita 200 na kupanda mlima kwa kasi, nami naona kwamba hasara hiyo inavumilika kwa vijana ambao bado wanajifunza mwendo. Kumbuka kuchaji, maana vingi vya aina hiyo vina betri ya kuchajiwa, tofauti na mshipi.

Kuna kipimo kingine ambacho ningekitanguliza mbele ya vyote hivyo, nacho hakihitaji bajeti ya shule. Kila mwanafunzi ajifunze kuhesabu mapigo yake kwa vidole anapoamka, kabla ya kutoka kitandani, na ayaandike daftarini. Homa hupandisha mapigo kwa takriban 10 kwa kila nyuzijoto moja, na katika maeneo yetu yanayozunguka ziwa, ambako malaria haijatuacha, mapigo ya asubuhi yaliyopanda ghafla yanaweza kumtangulia mtoto mwenyewe kukiri kwamba anaumwa. Hata kukosa usingizi au kuchoshwa na mazoezi ya jana huonekana hapo. Siku kama hiyo apumzike, na akiwa na joto apelekwe zahanati akapimwe.

SWALI: Saa yangu inaniambia kwamba nimechoma kalori 700 nikikimbia saa moja. Je, niitegemee katika kupunguza uzito? Msomaji, Bungoma.

JIBU: Hapana. Katika utafiti ule wa Stanford niliotaja, vifaa 6 kati ya 7 vilipima mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5, ila kwa kalori hakuna hata kimoja kilichokaribia: kilichofanya vizuri zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Mapigo hupimwa, lakini kalori hukokotolewa kutokana na mapigo, uzito na umri kwa hesabu ambazo kampuni hazizianiki hadharani. Ukila chapati mbili za ziada kwa sababu saa imekupa ruhusa, huenda ukawa unakula kalori ambazo hukuzichoma. Tumia mizani mara moja kwa juma, asubuhi, kabla ya kifungua kinywa.

SWALI: Mwalimu, ninaogelea katika bwawa la hoteli moja hapa Kisumu mara tatu kwa juma. Nilinunua mshipi wa kifuani ulioandikwa kwamba hauingii maji, lakini simu niliyoiacha ukingoni haipokei chochote ninapoogelea. Je, nimetapeliwa?

JIBU: Hukutapeliwa. Kutoingia maji ni jambo moja na kutuma mawimbi ndani ya maji ni jambo jingine. Bluetooth na ANT+ hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo maji huyameza ndani ya umbali mfupi sana, kwa hiyo mshipi wako unaendelea kupima lakini hakuna anayeusikia. Tazama kijitabu chake kama una kumbukumbu ya ndani. Baadhi ya mishipi, kama Polar H10, huhifadhi zoezi moja zima ukiwa umeuwasha kupitia programu yake kabla ya kuingia majini, kisha huipatia simu ukishatoka. Kama wako hauna kumbukumbu hiyo, hutaweza kuutumia kwa kuogelea, na utakufaa nchi kavu tu.

Wanaume wengi pia hulalamika kwamba mshipi huwateremka kiunoni kila wanapojisukuma kutoka ukutani, kwa kuwa hawavai vazi la kuushikilia. Kihisi cha mwanga chenye kumbukumbu, kinachobanwa kwenye mkanda wa miwani ya kuogelea kikagusa ngozi ya panda la uso, huondoa tatizo hilo. Ukiamua kuendelea na mshipi ulio nao, usuuze kwa maji safi mara tu unapotoka, kwa sababu klorini hula kitambaa na elektrodi. Kisha bandua kikasha, kwani kikiachwa kwenye kitambaa chenye unyevu hudhani bado umekivaa na kuendelea kula betri, na uanike kitambaa kivulini.